Je, wajua kwa nini mbu wa ughaibuni humvimbisha mtu kuliko mbu wa nyumbani?

Mtu aliyekulia Temeke, ambaye tangu utotoni aliumwa na mbu kila jioni na kuishia kupata kipele kilichokwisha kabla hajalala, hushangaa sana anapohamia Minneapolis nchini Marekani. Katika majira yake ya kwanza ya joto huketi nje jua likizama, huumwa kwenye kifundo cha mguu, na asubuhi yake huamka na uvimbe mwekundu wenye moto, mpana kuliko sarafu ya shilingi mia mbili, unaowasha kwa siku kadhaa. Wengi husema mbu wa huko wana sumu kali. Sivyo.

Mbu jike, ambaye ndiye pekee anyonyaye damu kwa sababu anaihitaji ili atage mayai, hutema mate ndani ya ngozi yako kabla hajashiba. Mate hayo yana protini zinazozuia damu isigande. Kinga ya mwili ikishazitambua protini hizo, seli fulani za ngozi humwaga kemikali iitwayo histamini, vijishipa vya damu huvuja majimaji, na neva huanza kuwasha. Kwa hiyo uvimbe ule ni kazi ya mwili wako mwenyewe.

Mwaka 1946 mtafiti Mwingereza Kenneth Mellanby alieleza kwamba mwili hupita ngazi tano. Mwanzoni ngozi haionyeshi chochote. Kisha hutokea uvimbe wa kesho yake. Halafu kipele cha papo hapo pamoja na uvimbe huo wa baadaye. Baadaye hubaki kipele cha papo hapo tu, nacho hupoa upesi. Na mwishowe, baada ya kuumwa mara nyingi mno, hakuna kitu tena. Aliyekulia Temeke alikwisha kuzipanda ngazi hizo akiwa mtoto, lakini alizipanda kwa mate ya mbu wa kwao. Minnesota, jimbo lenye mji wa Minneapolis, hutawaliwa na mbu aitwaye Aedes vexans, anayeanguliwa kwa wingi baada ya mvua kufurisha mabonde, na protini za mate yake zinafanana na za mbu wengine kwa sehemu tu. Mwili hulazimika kujifunza upya, tena polepole, kwani baridi huwaondoa mbu kwa miezi mingi kila mwaka.

Uzoefu huo hufifia pia, ndiyo maana anayerudi Dar es Salaam baada ya miaka mingi huweza kuvimba kwa mbu wale wale wa utotoni. Hilo halinitii hofu. Linalonitia hofu ni kwamba kinga aliyojijengea dhidi ya malaria kwa kuugua mara kwa mara hupungua vilevile, na watoto wake waliozaliwa ughaibuni hawana kabisa. Anofelesi, mbu aenezaye malaria, huuma usiku wa manane, kimya kimya, na mara nyingi haachi alama ya kumwamsha mtu, naye mgeni amelala bila chandarua kwa kuwa, asemavyo, "mimi nimekulia hapa." Homa ya malaria kwa kawaida haianzi kabla ya wiki moja kupita, hivyo huenda ikampata akiwa amesharudi Minneapolis, mbele ya daktari ambaye hataiwazia malaria asipoambiwa siku hiyo hiyo mgonjwa ametoka wapi.