Mahitaji ya swabu si idadi ya wagonjwa

Katika mazungumzo ya wauza vifaa tiba hapa Mbeya, na hata ya baadhi ya wanaoandaa bajeti za vituo vya afya, husikika mara kwa mara kwamba soko la swabu, yaani vijiti vyenye pamba au nyuzi kichwani vya kuchukulia sampuli mwilini, litakua tu, kwa kuwa wagonjwa wanaongezeka. Kiuchumi, mahitaji ni kiasi cha bidhaa ambacho wanunuzi wanataka na wanamudu kununua kwa bei fulani katika kipindi fulani. Idadi ya wagonjwa haimo katika maana hiyo.

Mnunuzi wa swabu, kwa kawaida, si mgonjwa. Mama anayefika zahanati huko Kilolo au Rungwe akiwa na kidonda kinachotoa usaha ana uhitaji, lakini anayeamua sampuli ichukuliwe ni mtabibu, anayeagiza ni kituo, na anayelipa huenda akawa serikali, bima au mfadhili. Tena, mahali ambapo hakuna maabara ya kuotesha vimelea wala njia ya kuifikishia sampuli, mtabibu huandika dawa kwa kukisia, na uhitaji wa mama yule haufiki Bohari ya Dawa, msambazaji wa serikali wa dawa na vifaa tiba, ukiwa oda. Wagonjwa wa namna hiyo wanaweza kuongezeka maradufu pasipo boksi moja la ziada kununuliwa.

Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, mahitaji ya swabu za puani yalipanda kwelikweli, kwa sababu serikali nyingi zilitenga fedha za upimaji kwa wakati mmoja, huku sehemu kubwa ya bidhaa hiyo ikitoka kwa viwanda vichache, kama Copan cha Italia na Puritan cha Marekani. Pamba ya kawaida kwenye kijiti cha mti haikuweza kuziba pengo, kwani inaweza kuvuruga kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kirusi. Hivyo hata kusema "mahitaji ya swabu" bila kutaja aina ni kusema nusu.

Linaloudhi zaidi ni kuyachukua matumizi yaliyoandikwa kwenye leja ya stoo kuwa ndiyo mahitaji. Stoo ikikaa miezi miwili bila swabu, leja huonyesha sifuri, na mwandaaji wa oda anayegawa jumla ya mwaka kwa miezi 12 huagiza pungufu. Mwaka unaofuata bidhaa huisha mapema zaidi, na leja hushuhudia kwamba haitakiwi. Jumla hiyo ilipaswa kugawanywa kwa miezi 10 ambayo swabu zilikuwapo. Hata wastani huo, kwa heshima zote kwa wanaoandaa oda, ungeitwa makisio ya matumizi, kwa maana leja haimwandiki mgonjwa aliyerudishwa nyumbani bila kupimwa, wala kituo ambacho kingeagiza kama bei ingeshuka.