Koleti iliyopotelea mchangani

Nilipokuwa bado saidia fundi pale Nkuhungu, nilipoteza koleti moja, kile kipande kidogo cha chuma kinachoifungia springi ya valvu, ya hedi (kichwa cha injini) ya pikapu. Klampu ya kushindilia springi iliteleza, koleti ikachomoka kama jiwe la manati, ikapita karibu na sikio na kutua uwanjani. Dodoma ya mwezi wa nane mnaijua: upepo haulali, na kitu kidogo kikianguka chini, baada ya dakika tano kimeshazikwa. Mzee aliyenifundisha kazi hakunigombeza. Alinipa sumaku ya spika mbovu, akaniambia niivalishe rambo (mfuko wa plastiki) kisha nipekue uwanja mzima. (Ni kabla rambo hazijapigwa marufuku mwaka 2019.) Rambo ina maana yake: ukiigeuza, misumari na vumbi la chuma vinadondoka vyote, sumaku inabaki safi. Niliipata saa kumi jioni, baada ya kukusanya wosha za kutosha kufungua duka.

Nimeikumbuka siku hiyo kwa sababu mwezi huu vijana wawili wameniuliza swali moja: "Fundi, ninunue klampu gani ya springi za valvu?" Wote wawili walitaka kubwa na nene. Mimi hutazama kwanza kikombe chake, yaani ile sehemu inayokalia springi.

Springi ya valvu, ile inayoirudisha valvu ifunge tundu la hewa au la moshi kwenye hedi, haifungwi na nati. Juu yake kuna kofia yenye tundu lililochongwa kama faneli, na ndani ya tundu hilo zinakaa koleti mbili, nusu mduara kila moja, zimeushika mfereji uliopo kwenye shingo ya valvu. Springi inasukuma kofia juu, faneli inazibana koleti, na kadiri inavyosukuma ndivyo zinavyokaza. Chombo unachonunua kina kazi moja tu: kuishusha kofia milimita chache, valvu ikiwa imezuiwa isishuke nayo, ili koleti zilegee uzitoe. Ukifika dukani usiseme "kompresa" tupu, watakuonyesha mtungi wa upepo. Sema klampu ya springi za valvu.

Chukua injini ya 1NZ, ile iliyojaa kwenye Toyota IST za mjini hapa. Ina valvu 16, kwa hiyo koleti 32, na kila springi imekaa ndani ya shimo ambamo kikopo cha tapeti, kile kinachoisukuma valvu, kinapanda na kushuka. Kikombe kipana hakiingii. Kile kinachoingia kwa kulazimishwa kinakwaruza ukuta wa shimo, na mkwaruzo pale si mchezo, kwa sababu kikopo kinategemea ukuta laini. Hapo unahitaji kikombe chembamba, kirefu, chenye dirisha kubwa la kupitisha bisibisi ndogo au kijiti cha sumaku. Hedi ya zamani yenye rokari (vijimkono vinavyobonyeza valvu) haina shida hiyo, springi ziko wazi, kikombe kipana kinakaa vizuri. Kwa hiyo nunua klampu inayokuja na vikombe vya saizi mbalimbali, hata kama fremu yake haitishi.

Fremu nayo ijaribu palepale dukani. Ifunge kwenye kipande cha ubao, kaza, uiangalie kwa pembeni. Ikifunguka kama mdomo wa mamba, irudishe. Fremu inayopinda inasukuma springi upande, kofia inainama, koleti moja inalegea na nyingine inabaki imebanwa. Angalia pia mguu unaokaa kwenye uso wa valvu, uwe unacheza kidogo ili ujilaze wenyewe.

Kuna ya kutengeneza mwenyewe, na sioni aibu kuisema. Jiklampu ya maseremala, kipande cha bomba la chuma kinachotosha juu ya kofia, kata dirisha ubavuni, mpe fundi wa kuchomelea. Nimeitumia miaka mingi. Ila jiklampu iwe ya chuma cha kufua. Ya chuma cha kumimina inavunjika ghafla bila hata kupinda kwanza, na vipande vyake vinakwenda usoni.

Kosa ninaloliona mara nyingi linatokea kabla klampu haijakazwa. Injini iliyotembea miaka, kofia na koleti zinakuwa zimeng'ang'aniana. Kijana anakaza, anakaza, springi haishuki, fremu inalia, halafu paa! Vyote vinaachia kwa pamoja. Ndivyo koleti yangu ilivyokwenda mchangani. Laza hedi mezani, weka kipande cha mbao chini ya uso wa valvu ndani ya chemba ili valvu isishuke, kisha weka soketi kuukuu juu ya kofia. Soketi iguse kofia tu, ncha ya valvu ibaki katikati, huru. Piga nyundo pigo moja kavu. Utasikia mlio unabadilika, kutoka "ko" la kitu kigumu hadi "ka" la kitu kilicholegea. Sasa leta klampu.

Kaza polepole, uso wako usiwe juu ya kofia. Koleti zikianza kucheza, simama hapohapo, zitoe kwa sumaku. Kuendelea kukaza hakukupi kitu, na kofia inaweza kushuka mpaka ikaponda sili ya valvu, ile inayozuia oili isishuke kwenye silinda. Ukishatoa springi usiivute valvu kwanza. Pitisha kidole kwenye mfereji wa koleti, ukihisi ncha kali ilainishe kwa tupa ndogo, maana ncha hiyo ikipita kwenye gaidi, kile kibomba kinachoiongoza shingo ya valvu, inaichana kama kisu. Panga kila kitu kwenye boksi la maziwa lililotobolewa matundu yenye namba, kila valvu na springi yake.

Mteja akija na moshi wa bluu asubuhi, na ukithibitisha ni sili za valvu, huenda hakuna haja ya kushusha hedi. Hapo klampu yako ni ya mtaimbo au ya skrubu, inayojishikiza juu ya hedi, na valvu inazuiwa isishuke kwa kitu kilicho ndani ya silinda. Wenye upepo wanapuliza kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu kabisa. Ikiwa chini kidogo tu, upepo utaizungusha injini, kwa hiyo usiache spana kwenye nati ya krenki. Umeme ukikatika mimi natumia kamba safi ya nailoni: naingiza kupitia tundu la plagi pistoni ikiwa chini, naacha mkia nje, nazungusha krenki kwa mkono mpaka kamba ibane valvu zisishuke. Kwenye hedi ya rokari inafanya kazi vizuri ajabu. Kwenye dizeli kama 1HZ usijaribu kupitia tundu la plagi ya moto, maana linaishia kwenye chemba ndogo ya pembeni na kamba haifiki juu ya pistoni. Na kabla hujagusa koleti yoyote, ziba kwa matambara mashimo yote ya oili kwenye hedi. Ikidondoka huko, utaifuata kwenye sampu, lile karai la oili chini ya injini.

Kurudisha ni subira. Springi ambayo mizunguko yake imesongamana upande mmoja, upande huo unakaa chini, kwenye hedi. Paka koleti grisi kidogo kwa ndani, ishike shingo ya valvu wakati unalegeza klampu. Zote zikishakaa, funika kitambaa kizito juu ya kila valvu na ugonge ncha yake mara mbili kwa nyundo ya mpira. Hapa mbao iwe imeshaondolewa chini ili valvu iwe huru. Koleti iliyokaa vibaya itatoka sasa. Wiki iliyopita moja ilitoka, kwenye hedi niliyokuwa na hakika nayo. Ilinaswa kitambaani.