Jaji anayeomba kura: yasemwayo na yaliyo kweli kuhusu majaji wa rufani wa majimbo ya Marekani

Kwetu jina la jaji hupita kwenye tume ya mahakama, Rais akamteua, akaapishwa, na mwananchi akaipata habari kwenye taarifa ya saa mbili usiku. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa Mwanza au Kisumu kwamba Marekani kuna majaji wa rufani wanaozunguka mitaani kuomba kura, anaweza kudhani umechanganya jaji na mbunge. Jambo hili lina uzito kwangu kwa sababu ndugu zetu wengi walioko huko sasa ni raia na wanapiga kura, na sehemu ya majaji kwenye karatasi ya kura huwa rahisi kurukwa.

Dhana iliyozaa nyingine nyingi ni hii: majaji wote wa Marekani huteuliwa na Rais na hukaa kazini maisha. Hao ni majaji wa shirikisho, yaani wa serikali kuu, kama wale tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani kule Washington. Kila jimbo lina mahakama zake, na humo ndimo zaidi ya asilimia 90 ya kesi za nchi hiyo hufunguliwa: mauaji, talaka, ajali, ugomvi wa mpangaji na mwenye nyumba. Katika majimbo 38, majaji wa mahakama ya juu ya jimbo hupita mikononi mwa wapiga kura kwa namna moja au nyingine. North Carolina hushindana kwa vyama. Wisconsin huchagua bila kutaja chama kwenye karatasi. California gavana huteua, kisha wananchi huulizwa kama jaji abaki, ndiyo au hapana.

Wengine husema jaji wa rufani huisikiliza kesi upya. Haisikilizi. Hakuna shahidi anayepanda kizimbani wala baraza la wazee wa mahakama. Mahakama ya Rufani ya North Carolina ina majaji 15 wanaokaa watatu watatu, na mashauri mengi huyaamua kwa kusoma mwenendo wa kesi na hoja za maandishi tu, mawakili wasifike mbele yao. Swali lao ni moja: je, mahakama ya chini ilikosea kisheria? Kwa hiyo mgombea anayeahidi kuwakomoa wahalifu anaahidi kazi isiyo yake. Cha kumpima ni hukumu alizoandika, nazo ziko wazi kwa kila mtu.

Sasa ile dhana inayoniuma zaidi, kwamba kura ya jaji haina uzito.

Jefferson Griffin alichaguliwa kuwa jaji wa mahakama hiyo ya rufani mwaka 2020. Novemba 2024 akawania kiti cha Mahakama ya Juu ya jimbo dhidi ya Allison Riggs, ambaye naye alipitia mahakama hiyo hiyo kwa kuteuliwa na gavana, akapandishwa mwaka 2023. Usiku wa uchaguzi Griffin aliongoza kwa kura kama 10,000. Kura zilizobaki zilipohesabiwa, uongozi ukayeyuka, na mwishowe Riggs akawa mbele kwa kura 734 kati ya zaidi ya milioni 5.5. Zikahesabiwa tena mara mbili, Riggs akabaki mbele. Watu 734! Hao ni watoto wa shule moja ya msingi wakiwa mstarini asubuhi.

Griffin akaomba kura zaidi ya 65,000 ziondolewe. Nyingi zilikuwa za watu ambao kumbukumbu zao za uandikishaji hazikuonyesha namba ya leseni ya udereva wala tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii. Wazazi wa Riggs mwenyewe walikuwa kwenye orodha hiyo. Aprili 2025 jopo la watatu la mahakama ya Griffin, yeye akiwa amekaa pembeni, likampa ushindi wa kesi kwa wawili dhidi ya mmoja. Mahakama ya Juu ya jimbo ikaokoa kura nyingi kati ya hizo, si zote. Tarehe 5 Mei jaji wa shirikisho Richard Myers, aliyeteuliwa na Trump, akaamua kwamba masharti hayawezi kubadilishwa baada ya watu kupiga kura. Siku mbili baadaye Griffin akakubali kushindwa. Kudai haki mahakamani ni haki yake, sikatai. Ila mpigakura aliyefuata kila alichoambiwa alikaa miezi sita bila kujua kama kura yake inahesabika.

Yapo pia maneno kwamba jaji akichaguliwa na wananchi hana wa kumlipa fadhila. West Virginia, mwaka 2004, Don Blankenship, mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe ya Massey iliyokuwa imeamriwa kulipa dola milioni 50, alitumia takriban dola milioni 3 kumpigia debe Brent Benjamin, mgombea wa Mahakama ya Juu ya jimbo hilo. Benjamin akashinda, akakataa kujitoa kwenye rufani ya Massey, na akawa miongoni mwa watatu walioipa ushindi dhidi ya wawili. Juni 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa tano dhidi ya wanne, alipaswa kujitoa. Haikusema alihongwa. Rufani ikasikilizwa tena bila yeye, na Massey ikashinda tena. Kwangu hapo ndipo kiini kilipo: hata uamuzi unaoweza kuwa sahihi hauaminiki mlalamikaji akijua nani aligharamia kampeni ya jaji.

Na anayedhani uteuzi wa gavana ni kinga, amkumbuke Rose Bird, mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya California, aliyeingia mwaka 1977 akiwa Jaji Mkuu. Kila hukumu ya kifo iliyofika mbele yake, zaidi ya 60, alipiga kura itenguliwe. Novemba 1986 wapiga kura wakasema hapana kwake, na kwa majaji wenzake Cruz Reynoso na Joseph Grodin pia. Gavana George Deukmejian, aliyepiga kampeni waondolewe, ndiye aliyejaza viti vyote vitatu.