Pikipiki kuukuu za kukusanya: yanayosemwa Dodoma na yaliyo kweli

Dhana: Dodoma hakuna kutu, pikipiki ya huku unanunua macho yamefumba.

Kwa fremu na rimu kuna ukweli. Pikipiki iliyolala Mpwapwa au Kondoa miaka 30 huwa nzima kuliko iliyopigwa na upepo wa bahari Tanga. Ila ukame na jua vinakula mpira, na mpira ndio unaoua injini za mipigo miwili, kama Yamaha DT175 na Suzuki A100. Sili za krenki, yaani pete za mpira zinazoziba hewa na oili kwenye mhimili wa injini, zikikauka, ya upande wa magneto (inayotoa umeme wa cheche) huingiza hewa. Mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha, injini inapandisha mlio yenyewe hata ukiachia eksileta, joto linazidi, pistoni inakwama au inatoboka. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini hunyonya oili ya giaboksi: moshi mweupe hauishi hata injini ikishapata moto, na oili ya gia inapungua bila kuvuja chini. Basi washa, iache dakika 10, sikiliza, tazama ekzosi. Sili zenyewe ni bei ndogo, lakini kwenye injini nyingi kuzifikia ni kupasua injini nzima. Katika kupatana bei, hesabu kazi ya fundi kabla ya spea.

Kutu ya Dodoma hujificha ndani ya tangi. Mulika kwa tochi. Petroli iliyolala nayo huacha gundi inayoziba jeti za kabureta, kwa hiyo usiwashe kwa petroli ya zamani hata kidogo.

Dhana: Namba ya injini isipofanana na ya fremu, pikipiki imechezewa.

Dhana hii imewafanya watu waache pikipiki nzuri. Honda hutoka kiwandani na namba mbili tofauti, na BSA za Uingereza nyingi za miaka ya 1950 ni hivyo hivyo. Zinazofanana ni Triumph kuanzia 1950, na Yamaha nyingi za miaka ya 1970. Cha lazima ni kila namba ifanane na kadi ya usajili, ambayo ina ya chasi na ya injini. Futa grisi kwa kitambaa chenye petroli, usitumie msasa. Chuma kikiwa kimesagwa bapa kuzunguka namba, au tarakimu zikipanda na kushuka kama zimegongwa moja moja kwa haraka, usilipe hata shilingi ya kishika uchumba.

Dhana: Honda CG125 ni CG125, injini ni ile ile.

CG125 ilitoka mwaka 1976, na muundo wa injini yake ukaigwa sana China, ndiyo maana injini ya kuiga huingia kwenye fremu ya zamani bila shida kubwa. Soma namba ya injini ubavuni. Ya asili huanza na CG125E. Ukikuta 156FMI ni ya Kichina ya sisi (cc) 125, na 162FMJ ni ya 150. Ile 56 na 62 ni upana wa silinda kwa milimita. Pikipiki ya namna hiyo inafaa kupandia. Kwa mkusanyaji si kitu kamili, na bei ishuke.

Dhana: BSA Bantam iliyopatikana Kongwa ni ya mradi wa karanga.

Mradi huo wa Waingereza wa kulima karanga uliishi 1947 hadi 1951. BSA Bantam D1 ilianza 1948, hiyo inawezekana. Lakini namba ya fremu ikianza na D7, hiyo ni modeli ya 1959 kuja huku, sisi 175, yenye shokapu mbili nyuma. Simulizi hiyo isikuongezee bei bila karatasi.

Dhana: Injini iliyoganda, ikanyage kiki kwa nguvu itaachia.

Kitakachoachia ni meno ya kiki. Toa plagi, mimina kwenye tundu lake vijiko vitatu vya dizeli iliyochanganywa na oili nyepesi, acha siku tatu hadi wiki. Weka gia ya juu kabisa, kisha sukuma pikipiki mbele na nyuma taratibu. Ikigoma, ongeza mafuta na siku. Usiongeze nguvu.

Dhana: Ipige rangi mpya kabla ya kuuza.

Hapa ndipo thamani kubwa inapopotea, na inauma kuona. Rangi ya kiwandani iliyofifia hairudi tena, na mnunuzi anayejua huogopa rangi mpya kwa sababu huficha uchomeleaji shingoni mwa fremu na puti (kijazio cha kuziba mabonde) kwenye tangi. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika, chini kuna puti. Muuzaji aoshe kwa sabuni ya maji, apake nta, michubuko aiache ilivyo. Vipande vya asili vilivyobadilishwa, kama taa, mita au kifuniko cha mnyororo, avitafute stoo na kuviuza pamoja na pikipiki, hata kama vimevunjika.