Kukadiria kimo kwa wayo na kiganja

Kukadiria kimo ni kutafuta urefu wa mtu asiyeweza kusimamishwa ukutani akapimwa: mgonjwa aliyepooza, maiti isiyokamilika, au aliyeacha nyayo tu mchangani. Kinachotegemewa ni uwiano wa viungo. Ndio huo uliomo katika vipimo vyetu vya zamani. Pima, yaani mikono iliyonyooshwa ncha hadi ncha, hukaribia sana kimo cha mwenyewe.

Wayo hupimwa kutoka nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu zaidi, na si lazima kiwe kidole gumba. Baadhi ya watu cha pili kimekipita. Kiganja hupimwa pamoja na vidole, kutoka mkunjo wa kifundo hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa mtu mzima wayo ni kama asilimia 15 ya kimo, kiganja kama asilimia 11. Kwa hiyo wayo wa sentimita 25 unatoa kimo cha karibu 167.

Hesabu hiyo yafaa kwa mazungumzo ya barazani, lakini kwa walio warefu sana au wafupi sana inapotosha. Ukiifuata, kila sentimita moja ya wayo inaongeza karibu 7 za kimo. Watu wengi wakipimwa kwa kweli, nyongeza huonekana ni 3 hadi 5 hivi, kwa sababu wapo wafupi wenye miguu mikubwa na warefu wenye midogo. Hivyo wataalamu hutumia kanuni yenye namba mbili, moja ya kuanzia na moja ya kuzidishia wayo, mbali kwa wanaume, mbali kwa wanawake. Kanuni iliyopatikana kwa Wazungu si ya kuchukuliwa hivihivi na kupimia watu wa Lamu. Wala haimfai kijana wa miaka 13, maana miguu humaliza kukua kabla ya kimo.

Hata kanuni nzuri hukosea sentimita 4 au 5 kwa kawaida. Mimi nikiona ripoti imeandika "167" tupu, siiamini. Ingesema kati ya 158 na 176, yaani kosa hilo mara mbili kila upande, maana wapo wanaokosewa zaidi ya kawaida.

Nyayo za mchangani ni ngumu zaidi. Pale Shela, ufukweni Lamu, mchanga mkavu huporomoka na kuipanua alama. Ule mbichi wa maji yanapokupwa ndio unaoshika umbo. Na aliyekimbia huenda kisigino chake hakikugusa chini kabisa.

Kimo peke yake hakimtambulishi mtu. Miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa dhehebu moja ilipofukuliwa msitu wa Shakahola, pwani ya Kenya, kuanzia 2023 na kupelekwa Malindi, utambuzi ulitegemea vipimo vya DNA vya jamaa. Kimo husaidia kuondoa: familia ikimtafuta mtu wa sentimita 185, na mabaki yakasema kati ya 150 na 165, wapimaji wanageukia mwili mwingine.