Je, wajua kwa nini profesa wa hisabati alihangaika na kuchanga karata?

Persi Diaconis, profesa wa hisabati na takwimu katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliifikia hisabati kwa njia ya mazingaombwe. Alizaliwa New York mwaka 1945, na akiwa na miaka 14 aliondoka nyumbani kumfuata Dai Vernon, bingwa wa mazingaombwe ya karata. Baadaye alinunua kitabu cha William Feller kuhusu nadharia ya uwezekano, akashindwa kukisoma kwa kuwa hakuwa amejifunza kalkulasi, tawi la hisabati linalohusu mabadiliko. Kwa ajili hiyo alijiunga na masomo ya usiku katika City College, New York, akahitimu mwaka 1971, na mwaka 1974 akapata shahada ya uzamivu Harvard. Kwa mtu aliyeacha shule angali mtoto, mwendo huo ni wa kustaajabisha.

Swali alilotoka nalo kwenye mazingaombwe ni hili: karata 52 zichangwe mara ngapi ndipo mpangilio wake usitabirike? Mwaka 1992, yeye na Dave Bayer walijibu kwamba ni takriban mara 7, kwa mtindo wa kukata pakiti mafungu mawili na kuyaingiliza. Kiini cha hoja yao kinafuatika hata bila hesabu ngumu. Karata zikipewa namba 1 hadi 52 kwa mfuatano, kila fungu huhifadhi mfuatano wake hata likiingiliana na jingine, kwa hiyo baada ya kuchanga mara moja haiwezekani kupatikana misururu zaidi ya 2 ya namba zinazopanda kwa kufuatana (kama 1, 2, 3, hata karata nyingine zikiwa katikati yake). Kila mara kikomo hicho huongezeka maradufu, na mara ya 5 hufika 32. Mpangilio uliogeuzwa kabisa, kutoka 52 hadi 1, una misururu 52, kwa kuwa kila karata ni msururu wake peke yake. Basi kuchanga mara 5 hakuwezi kuufikia kamwe. Wafanya mazingaombwe walikuwa wakiitumia misururu hiyo zamani kuitambua karata iliyohamishwa, kwa maana karata hiyo hujitenga na misururu mingine.

Udadisi huohuo ulimpeleka kwenye sarafu: mwaka 2007, pamoja na Susan Holmes na Richard Montgomery, alionyesha kwamba sarafu inayorushwa kwa mkono huelekea kuangukia upande ulioanza juu, takriban mara 51 kati ya 100. Baadaye yeye, Holmes na Jason Fulman waliichunguza mashine ya kuchanga karata ya kasino inayozigawa katika rafu 10, wakabaini kwamba baada ya mzunguko mmoja, mtu anayejua mpangilio wa mwanzo angeweza kukisia sawasawa karata 9 au 10 kwa wastani, ilhali pakiti iliyochangwa vyema ingemruhusu 4 au 5 tu.