Chenga kwenye picha: ISO inasingiziwa

Wapiga picha wa sherehe, kuanzia kumbi za Mwanjelwa hadi Mafinga, wana sheria wanayorithishana: usipandishe ISO (namba ya kamera inayokuza mwangaza wa picha) kupita 800, picha itajaa chenga, yaani vidoa vidogovidogo kama punje za mchanga.

Ukweli ni kwamba chenga nyingi zinatokana na uhaba wa mwanga. Mwanga huifikia sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachoupokea, kwa chembechembe, na chembe hizo hazidondoki kwa usawa. Zikiwa chache, tofauti kati ya pikseli moja, yaani nukta ya picha, na jirani yake inaonekana wazi. Mwanga ukiongezeka mara 4, nguvu ya picha dhidi ya chenga huongezeka mara 2. ISO inakuza tu kile ambacho sensa imeshapokea. Kwa kuwa tunaipandisha gizani, kila siku inakutwa eneo la tukio.

Sheria hiyo ina gharama. Bibi harusi anaingia ukumbini, anapigwa kwa 800, picha inatoka nyeusi, kisha inaangazwa kwenye kompyuta. Chenga zinapanda nayo, na kwa kamera nyingi za zamani matokeo huwa mabaya kuliko angepigwa kwa 3200 palepale. Dawa ni kuutafuta mwanga wenyewe: kufungua tundu la lenzi kutoka f/4 hadi f/2 (namba ikipungua, tundu linapanuka) kunauongeza mara 4.

Eti pikseli nyingi huleta chenga nyingi? Ukiikuza picha hadi pikseli mojamoja, ndiyo. Ukiichapa kwa ukubwa uleule, tofauti ni ndogo. Ukubwa wa sensa ndio wenye uzito.

Wengine wanategemea programu isafishe kila kitu. Itasafisha, ila ikizidishwa inaondoka na nywele na nyuzi za kitenge pia.

Na baridi yetu ya nyanda za juu, je, inapunguza chenga? Hapo kuna nusu ya ukweli. Ukipiga nyota Kitulo usiku wa Julai, shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) ikikaa wazi dakika nzima, sensa iliyopoa huzalisha chenga chache. Kwa picha ya sekunde 1/100 stendi ya Makambako, baridi itakugandisha vidole tu.

Kwa nyota mimi ningeamini zaidi tripodi: piga picha 16 za anga lilelile, programu izilinganishe na kuchukua wastani, chenga zitashuka hadi robo. Simu hufanya kitu cha aina hiyo kwenye hali ya usiku, ndiyo maana inakuomba utulie. Mtu akikatiza mbele wakati huo, anaweza kutoka kama kivuli.